Kutoka Benchi la Homoni Hadi Jeni Kwenye Kompyuta: Njia ya Mtafiti Kijana wa Mombasa

Kila mwaka wakija vijana wa atachment maabarani, hakosi mmoja wa kubaki nyuma wenzake wakishavua makoti meupe kwenda kutafuta chai na mahamri. Mwaka huu alikuwa kijana wa Likoni. Alisimama kando ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu, akaniuliza: "Mwalimu, kazi hii ina mbele, au ni kutia damu kwenye mashine mpaka nistaafu?"

Nilimjibu mkato kwa sababu nilikuwa na trei nzima ya sampuli inayonisubiri. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia. Nimeyapanga hatua kwa hatua, ingawa maisha hayatakuja kwa mpangilio huu. Utaruka moja, utarudia nyingine, na ile ya tatu utaishi nayo hadi uzeeni.

Hatua ya 1: Fahamu kuwa milango ni miwili, nyumba ni moja

Watu huona upimaji wa homoni ni kazi ya maabara, na bayoinfomatiki ya magonjwa ya kurithi, yaani kusoma jeni kwa kompyuta, ni kazi ya watu wa kompyuta. Chukua mtoto mchanga wa siku kumi. Anatapika, hanyonyi, sodiamu ya damu imeshuka. Mtu wa homoni atapima homoni iitwayo 17-hidroksiprojesteroni na kuikuta iko juu kupita kiasi. Hapo ameshajua kwamba kimeng'enya kimoja katika tezi zilizokaa juu ya figo hakifanyi kazi, na daktari anaweza kumwokoa mtoto huyo leo hii.

Mtu wa jeni anauliza swali la pili: kwa nini? Jibu mara nyingi liko kwenye jeni iitwayo CYP21A2, katika kromosomu ya 6. Shida ni kwamba jeni hii ina pacha jirani yake, CYP21A1P, jeni mfu isiyofanya kazi yoyote lakini inafanana nayo kwa karibu asilimia 98. Mashine za kusoma DNA zilizoenea hutoa vipande vifupi, herufi 150 hivi kila kimoja. Programu ikipata kipande inashindwa kujua ni cha jeni hai au cha pacha mfu. Asiyejua hilo atatoa ripoti safi kabisa inayosema mtoto hana tatizo, na huku homoni zinapiga kelele.

Sasa mweke hapo mtu mmoja anayejua kusoma majibu ya homoni na pia anajua kwa nini kompyuta imekosea. Huyo ndiye ninayetaka uwe. Utaingia kwa mlango mmoja na utabobea kwa huo, lakini ujue chumba cha pili kina nini. Kwa kijana wa Mombasa, nashauri aingie kwa mlango wa maabara. Leseni ya maabara itakulisha wakati wa kusubiri ufadhili. Kuandika programu unaweza kujifunza usiku.

Hatua ya 2: Pata shahada, kisha leseni

Hii nitaipita haraka. Ukiwa bado shuleni, shikilia biolojia na kemia, na hisabati usiichukie. Kwa waliosoma mfumo wa KCSE, mlango wa shahada ni C+ na kuendelea, pamoja na alama nzuri katika masomo hayo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho wazee bado wanakiita Poli, kinafundisha sayansi ya maabara za tiba kwa ngazi ya shahada. Hakuna haja ya kuhama Pwani kwa hatua hii.

La muhimu kuliko jina la chuo ni kuhakikisha kozi yako imeidhinishwa na bodi inayosimamia wanamaabara, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Bila leseni ya bodi hugusi sampuli ya mgonjwa kihalali. Nimewaona vijana wamemaliza miaka minne ndipo wanaulizia jambo hilo. Liulize siku ya kwanza, kabla hujalipa karo.

Hatua ya 3: Kaa benchini miaka miwili, uwe mtu wa kushuku

Hapa ndipo wengi wanakimbia, na hapa ndipo mtafiti anapozaliwa.

Nikiwa mgeni kazini, katika hospitali moja hapa mjini, niliwahi kutoa majibu ya kotisoli, homoni ya zile tezi za juu ya figo (adrenali), ya mama mmoja. Yalikuwa chini. Mashine ilikuwa sawa, rijenti (kemikali za kipimo) mpya, kila kitu kimepita. Daktari akaanza kumchunguza kwa ugonjwa wa tezi za adrenali, mama akaogopa, familia ikachanga pesa za vipimo zaidi. Siku ya tatu mzee mmoja wa maabara akaniuliza, "Damu ilitolewa saa ngapi?" Nikafungua daftari: saa kumi jioni. Kotisoli hupanda kuelekea asubuhi, kilele chake ni karibu na saa mbili, kisha hushuka kutwa nzima mpaka kufikia chini kabisa karibu na saa sita ya usiku. Mimi nilikuwa nimelinganisha damu ya jioni na kiwango cha asubuhi. Mama hakuwa na lolote.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza benchini ni historia ya sampuli kabla haijafika mkononi mwako. ACTH, homoni inayoziamuru tezi za adrenali, ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Inataka tyubu yenye kifuniko cha zambarau, ikae kwenye barafu, izungushwe upesi kwenye sentrifuji ya baridi. Sasa fikiria tyubu hiyo imetoka kliniki ya ng'ambo ya Likoni, mfukoni mwa kijana wa bodaboda, ikapanga foleni ya feri kwa jua la saa saba mchana. Ikifika kisiwani, homoni imeshavunjika. Mashine itatoa namba, maana mashine haikosi namba, na namba hiyo itakuwa ya uongo. Insulini nayo haitaki seli nyekundu zipasuke. Ukiona majimaji ya damu yamekuwa mekundu, usipime, omba sampuli nyingine hata kama mgonjwa atanuna.

Jambo la pili ni kujua kipimo kinavyofanya kazi ndani. Vipimo vingi vya homoni tunavyotumia ni vitukuu vya kazi ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliogundua namna ya kupima insulini kwa kutumia kingamwili na mionzi mwishoni mwa miaka ya 1950. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Mionzi imepungua, kingamwili zimebaki, na zina udhaifu wake. Mfano ulio karibu nasi: nenda duka lolote la vipodozi hapa mjini, utakuta vidonge vya kukuza nywele na kucha. Ndani mna vitamini iitwayo biotini kwa dozi kubwa. Mashine nyingi hutumia biotini kama gundi ya kushikanisha kingamwili zake. Mgonjwa akiwa amejaa biotini, TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo, inaweza kusomeka chini na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ikasomeka juu. Ukiangalia karatasi utaapa mtu huyu tezi yake ya shingo imepandwa na wazimu, kumbe anataka tu nywele ndefu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Mwanamaabara anayemuuliza mgonjwa "Unatumia vidonge gani, hata vya urembo?" ana thamani kuliko mashine mpya.

Jambo la tatu ni karatasi ya udhibiti wa ubora. Najua inachosha. Kila asubuhi unapima sampuli ya kudhibiti, unaweka nukta kwenye chati ya Levey-Jennings, unasaini, unaendelea. Wengi wanasaini bila kutazama. Wewe tazama. James Westgard alitoa kanuni zake mwaka 1981 na bado zinatumika: nukta moja ikivuka mikengeuko sanifu mitatu kutoka wastani, simamisha kazi; nukta mbili mfululizo zikivuka mikengeuko miwili upande ule ule, kuna kitu kinasogea polepole, labda rijenti imezeeka, labda ni joto la chumba tangu stima ilipopotea usiku. Nunua daftari lako binafsi. Andika tarehe, kilichobadilika, na ulichofanya. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na maswali ya utafiti kuliko maktaba nzima.

Ukiweza, omba ushiriki pale maabara inapohakiki kipimo kipya kwa ajili ya ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Kuna zoezi dogo la kupima sampuli ile ile mara tano kwa siku, kwa siku tano, ili kuona mashine inayumba kiasi gani. Lifanye wewe, kokotoa mwenyewe, usingoje mhandisi wa kampuni akupe jibu. Mtu aliyelifanya mara moja anaongea tofauti kwenye usaili.

Hatua ya 4: Jifunze kompyuta usiku, kwa zoezi moja la kweli

Usianze kwa kukusanya vyeti vya kozi. Nimeona watu wana vyeti kumi na viwili na hawawezi kufungua faili.

Pata laptopu, hata iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 ukijaliwa. Weka Linux. Ile skrini nyeusi ya kuandika amri itakutisha wiki mbili, halafu utashangaa uliishije bila hiyo. Chagua lugha moja ya programu: R kama unapenda takwimu na michoro, Python kama unapenda kutengeneza vitu. Tovuti ya Rosalind ina mafumbo ya bayoinfomatiki ya kufumbua moja baada ya jingine, bure. Galaxy nayo inakuruhusu kuchakata data kwenye seva zao kupitia kivinjari tu, na hilo ni neema, maana faili ghafi za jenomu moja ya binadamu, yaani DNA yake yote, zinaweza kufika gigabaiti 100. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini bando lako la simu halilijui hilo. Kwa hiyo fundisha kompyuta ya mbali ifanye kazi, wewe uvute majibu tu.

Halafu fanya zoezi hili. Mradi wa Jenomu 1000 uliweka data zake wazi kwa kila mtu, na ndani yake wamo Waluhya wa Webuye, hapa hapa Kenya. Tafuta badiliko liitwalo rs334 katika jeni ya HBB, kromosomu ya 11. Hilo ndilo linaloleta selimundu: herufi moja tu, GAG ikawa GTG, na protini ya damu ikabadilika tabia. Hesabu lipo mara ngapi kwa Waluhya, kisha kwa Waingereza waliomo kwenye data ile ile. Kwa Waingereza hulikuti. Sababu unaijua: malaria.

Zoezi lina mtego. Utatarajia kuona A imekuwa T, na faili litakuonyesha kitu kingine. Usikimbilie kuuliza. Kaa nalo siku mbili.

Ukimaliza hilo unajua tayari faili za FASTQ (vipande ghafi), BAM (vipande vilivyopangwa) na VCF (orodha ya mabadiliko) ni nini na kwa nini zinafuatana, jinsi programu ya BWA inavyolinganisha vipande na jenomu rejea, na jinsi programu ya VEP inavyokwambia badiliko limeangukia wapi. Hapo ndipo kozi inakuwa na maana. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanza mwaka 2012 kwa ajili ya bara letu, umefundisha utangulizi wa bayoinfomatiki kwa madarasa yaliyotawanyika nchi nyingi za Afrika. Mafunzo ya aina hiyo yakifunguliwa, usikose.

Hatua ya 5: Tafuta swali ambalo Boston hawana

Hapa niruhusu nikae kidogo.

Kijana akitaka kuanza utafiti, hunakili mada kutoka Ulaya na kubadilisha jina la mji. "Hali ya tezi ya shingo miongoni mwa wagonjwa wa Mombasa." Haya, kisha? Mtafiti wa Boston ana mashine, pesa na wanafunzi kumi. Humshindi kwa mada yake. Mshinde kwa yako.

Angalia Ramadhani. Kwa mwezi mzima sehemu kubwa ya mji hula daku, huswali alfajiri, wengine hulala tena, na usiku unakuwa mchana. Mdundo wa kotisoli hufuata usingizi na mwanga. Mgonjwa akija kutolewa damu saa mbili asubuhi siku ya ishirini ya mfungo, ile "saa mbili" ya kitabu bado ina maana kwake? Mgonjwa wa tezi anayemeza levothairoksini tumbo tupu kila asubuhi, sasa anaimeza wakati gani, na TSH yake inakuwaje ikifika Shawwal? Nchi nyingine za Waislamu wamelifanyia kazi swali hili, lakini joto letu, vyakula vyetu na zamu za kazi zetu za bandarini ni vyetu.

Angalia viwango vya kawaida. Karatasi ya majibu huja na safu ya "kawaida" ambayo mara nyingi imetoka kwenye kijikaratasi cha kampuni, yaani kwa watu wa mbali. Kanuni za kimataifa zinasema maabara inaweza kuhakiki kiwango hicho kwa watu 20 tu wenye afya: wasiozidi wawili wakianguka nje, kinakubalika. Kuunda kiwango kipya kunataka watu wasiopungua 120. Watu 20! Hao unawapata kwa asubuhi mbili tatu ukipata ridhaa yao na kibali. Huo ni mradi wa shahada ya uzamili unaoanza na kuisha, na madaktari wa mji mzima watautumia.

Upande wa jeni, utajiri ni mkubwa zaidi. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioonyesha Wamarekani weusi wakiambiwa wana badiliko la jeni linaloleta ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Walipewa ugonjwa kwa sababu hazina za kulinganishia zilijaa Wazungu. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa utafiti wa jeni za Waafrika, walisoma jenomu za Waafrika 426 na wakakuta zaidi ya mabadiliko milioni 3 ambayo hayakuwa yameorodheshwa popote. Watu 426 tu. Sasa jiulize ya Wadigo, Wagiriama, Wabajuni na Waswahili wa Mji wa Kale imekaaje kwenye hazina hizo.

Na sisi watu wa pwani tuna mchanganyiko wetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha DNA ya kale ya miji ya Waswahili, mifupa ya Mtwapa ikiwemo, ikionyesha upande wa mama ukiwa wa Kiafrika zaidi na upande wa baba ukiwa na sehemu kubwa ya Uajemi tangu karibu mwaka 1000. Wazee waliosema asili yetu ni "Shirazi", yaani Uajemi, hawakuwa wakitunga, ingawa nao walisahau kuwataja bibi zao. Kwa mtu wa bayoinfomatiki hilo si habari ya kijiweni pekee. Mgonjwa mwenye asili mbili huwezi kumlinganisha na hazina ya asili moja ukapata jibu sahihi.

Kuna jambo moja la kushika kwa mikono miwili. Ndoa za binamu zipo kwa baadhi ya familia zetu, na magonjwa yanayohitaji nakala mbili za jeni mbovu hujitokeza zaidi pale. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ukienda na swali hili kwa mdomo wa kuhukumu, milango itafungwa na utakuwa umestahili. Nenda kwanza kwa wazee na kwa akina mama, eleza unatafuta nini na wao watapata nini, na uwe tayari kuambiwa hapana.

Hatua ya 6: Uzamili na msimamizi

Kwa bayoinfomatiki, huna haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kilomita kama 60 kaskazini, na kina shahada ya uzamili ya bayoinfomatiki. Pia ni mshirika katika EANBiT, mtandao wa mafunzo hayo wa Afrika Mashariki. Ukisafiri kila siku, foleni ya Mtwapa itakumaliza. Panga chumba.

Kilifi hiyo hiyo ndiko uliko mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, tangu 1989. Kazi yao ya selimundu inajulikana duniani. Katika utafiti wao mmoja uliochapishwa 2019, walipima watoto wachanga zaidi ya 15,000 na kukuta takriban 8 kati ya kila 1,000 wana ugonjwa huo. Wana desturi ya kuwalea vijana kwa mafunzo kazini hadi uzamivu. Fuatilia matangazo yao kama unavyofuatilia ligi.

Kwa homoni, utapata uzamili wa kemia ya tiba au baiokemia. Hapo usitazame jina la kozi, uliza mashine. Je, wana spektrometa ya masi, ile inayopima homoni za steroidi kwa uzani wa molekuli badala ya kutegemea kingamwili? Kama hawana, wana makubaliano na nani? Testosteroni ya mwanamke au ya mtoto, kwa kingamwili pekee, ni ramli.

Msimamizi mchague kuliko chuo. Soma makala zake mbili, si moja. Mwandikie barua fupi yenye mambo manne: wewe ni nani na leseni yako, makala yake ipi uliyosoma na kitu gani hukukielewa, swali lako kwa sentensi mbili, na kitu ulichokwisha kufanya kwa mkono wako, iwe chati za daftari lako au lile zoezi la rs334 uliloliweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu. Sifa za "mimi ni mchapakazi mwenye ari" ziache. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe kwa adabu mara moja. Kisha endelea na mwingine, usinune. Na kama utafiti wako unagusa milango yote miwili, omba wasimamizi wawili tangu mwanzo, mmoja wa benchi na mmoja wa kompyuta, na wakutane mbele yako angalau mara moja. La sivyo utakuwa mpira.

Hatua ya 7: Vibali, kabla ya sindano

Hakuna sampuli inayotolewa kabla ya kamati ya maadili kukubali, na baada yake leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ruhusa ya hospitali au kaunti. Anza miezi sita mapema. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha watu, usome kwa sauti mbele ya mama yako. Akikwambia "hapa sijaelewa", andika upya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu data za jeni kuwa nyeti. Kwa hiyo jina la mgonjwa halikai faili moja na jenomu yake, wala halitumwi kwa WhatsApp. Damu au DNA ikivuka mpaka wa nchi, kuwe na mkataba wa maandishi unaosema nani anaimiliki na nani atatajwa kwenye makala. Usiogope kuuliza hilo mbele ya profesa wa nje. Walio waungwana hawakasiriki.

Hatua ya 8: Kuchapisha, pesa, na ngazi za chuo

Makala yangu ya kwanza niliipeleka kwenye jarida lililonikubali kwa siku tatu na kunitumia bili. Nilifurahi kama mjinga. Wahakiki wa kweli hawakubali kwa siku tatu. Jarida la African Journal of Laboratory Medicine husomwa bure, na ni mahali pazuri pa kuona makala safi ya maabara inavyoandikwa. Fungua namba ya ORCID, kitambulisho cha watafiti, leo, haina gharama, na jina lako la Kiarabu lenye tahajia tano litatulia.

Pesa: HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), Mfuko wa Taifa wa Utafiti, DAAD ya Ujerumani, udhamini wa Jumuiya ya Madola. Ufadhili wa kweli haukudai ulipe wakala. Atakayekwambia umtumie kwa M-Pesa "ili faili lako lisogee", mzuie namba.

Ngazi za chuoni zinaanza kwa msaidizi mhitimu, halafu yule mwenye uzamili anayefundisha huku akisoma uzamivu, halafu mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Siku hizi uhadhiri kamili unadai uzamivu, na kupanda kunategemea makala, wanafunzi uliowahitimisha na ruzuku ulizoleta. Ukienda kusoma nje, safiri na swali lako la hapa na, kwa vibali, data zake. Anayekwenda mikono mitupu hupewa swali la wengine, na akirudi hana cha kuliendelezea. Leseni ya bodi iendelee kulipwa kila mwaka hata ukiwa ng'ambo. Nina rafiki aliyeiachia, akarudi na uzamivu, na hakuruhusiwa kugusa pipeti.

Yule kijana wa Likoni alirudi wiki iliyopita, atachment imekwisha, amekuja kwa hiari yake jioni baada ya feri kumchelewesha. Alikuwa na laptopu ya kaka yake na uso wa mtu aliyekesha. "Mwalimu, nimekosea mahali. Kitabu kinasema A inakuwa T. Mimi kila nikifungua naona T inakuwa A. Nimerudia mara sita."

Nikavuta kiti. Nikamchorea nyuzi mbili za DNA juu ya bahasha ya sampuli, A ikitazamana na T, nikamwonyesha kwamba jenomu rejea inaandika uzi mmoja, na HBB inasomwa kwenye uzi wa pili, kinyumenyume. Alikaa kimya, akigeuza herufi moja moja kwa kidole. Kisha akauliza kama kile cha CYP21A2 nacho kinaweza kufunguka kwenye laptopu hii, au aiombe ya mjomba.

Nikamwambia achukue chai kwanza, maana hicho kina pacha.